Kutafuta Mtu wa Kuiharibu Kodiani

Tangu nirudi, kila nikikaa barazani naulizwa. Huyu anataka khabari za theluji, yule anataka kujua kama ni kweli ng'ombe wa kule wanavishwa maua, na Ami Khalfan ana suali lake moja tu: je, nilikula nguruwe? Sikula, Ami, ingawa haikuwa kazi nyepesi. Nimesimulia vipande vipande mpaka juzi kisa changu mwenyewe kimenirudia kutoka mji jirani wa Matrah, na ndani yake nimepigwa na polisi wa Kitaliano. Sikupigwa. Basi nimekaa kuandika safari yote hatua kwa hatua, msome wenyewe, mniache ninywe kahawa yangu ingali moto.

Pasi, viza na tiketi naviruka. Aliyewahi kuvihangaikia anajua, na asiyewahi sina sababu ya kumtia huzuni.

Kutoka Sidab mpaka Beiruti

Kodiani yenyewe ilikuwa ya marehemu baba. Alikuwa akiipiga katika kilabu cha taarab Unguja, na kabla hata ya kuizoea aliipeleka kwa fundi mmoja pale mjini amkwangulie ndimi mbili. Ndani ya kodiani mna vijulimi vya chuma. Upepo ukipita vinatetemeka na kutoa sauti, na ukikikwangua kijulimi kidogo tu, sauti yake inapanda au inashuka. Kodiani inavyotoka kwa Wazungu haina zile sauti za katikati, zinazokaa baina ya kibonyezo cheupe na cheusi, ambazo fidla na ganuni zinazipata bila taabu. Baba alizitaka mbili, akazipata. Dada yangu Zuwena alipozaliwa alimtungia wimbo, na wimbo ule umesimama wote juu ya sauti mbili hizo. Ukiziondoa, unaanguka.

Baba alikufa kabla ya mambo ya sitini na nne. Tulipotoka Unguja mama alibeba dhahabu, mimi nikabeba kodiani, na mpaka leo mama husema kwamba mmoja wetu alikuwa na akili. Tulitangatanga Dubai na Kuwaiti mpaka nikapata kazi ya ukarani na ukalimani katika kampuni ya mafuta, tukahamia hapa Sidab, kando ya Maskati. Siku zile kupiga ala hadharani kulikatazwa, kwa hivyo kodiani niliipeleka kambini jangwani, ambako hakuna aliyejali. Huko ndiko nilikojuana na Toni, mchimbaji kutoka Austria, mtu wa milimani, mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Naye alikuwa na kodiani yake, ndogo, ya vifungo. Mimi nilimfundisha kusema "yakhe", yeye akanifundisha nyimbo za kwao za kuzunguka, tukawa marafiki.

Jangwa ndilo lililoiua kodiani ya baba. Vile vijulimi hushikizwa kwa nta, na aliyeitia nta ile hakuwa na khabari ya joto la kambi yetu. Siku moja nilivuta mvukuto nikasikia vitu vikigongana ndani kama njugu kwenye mkebe.

Mwaka huu wa sabini, Sultani mpya alipokalia kiti, mambo yakafunguka na watu wakaanza kusafiri na kupiga ngoma, Zuwena alikuwa ameshaposwa zamani na kijana wa hapa hapa Sidab. Harusi ilikuwa ikiahirishwa, na aliyekuwa akiiahirisha ni Zuwena mwenyewe.

"Sitoki kimya kimya kama mwizi," alisema. "Upigwe wimbo wa baba, ndiyo nitoke."

"Utapigwa kwa nini? Kodiani imekufa."

"Basi kaifufue, kaka."

Kwa bwana harusi walivumilia kwa adabu, isipokuwa nyanya yake, Bibi Moza, ambaye alituma ujumbe kwamba harusi iwe kabla ya Ramadhani au isiwe kabisa. Yeye ni mzee, alisema, na hana umri wa kuisubiri kodiani ya mtu. Basi siku ikawekwa, mwishoni mwa Shaabani. Toni wakati huo alikuwa ameshamaliza kazi na kurudi kwao. Nilimwandikia, akanijibu niende haraka: mjomba wake ni fundi wa kodiani asiye na mfano, na isitoshe ala ile ni ya kwao tokea asili, kwa hivyo nitakuwa naipeleka kwa mamaake.

Ndege ndogo ilinichukua kutoka uwanja wa Beit al-Falaj, tukarukaruka Ghuba nzima mpaka Bahrein, na kutoka Bahrein nikafika Beiruti, na Beiruti nikakwama. Ndege ya mbele haikuruka siku ile, wala iliyofuata, na kila nikiuliza naambiwa "bukra", kesho. Kodiani nilikuwa nalala nayo. Mwenye hoteli aliniuliza natoka wapi, nikasema Maskati. Akasema Kiarabu changu si cha Maskati. Nikasema nimezaliwa Unguja. Akanitazama vizuri, akasema, "Aa, basi wewe Mwafrika." Unguja nilikozaliwa nilikuwa Mwarabu, Maskati naitwa Mzinjibari. Nikamwambia aandike alipendalo, mradi chumba kiwe na feni.

Kwa Toni: harusi ya ng'ombe

Kutoka Munichi nilipanda treni ya milimani. Mbele yangu alikaa bibi mmoja mwenye kikapu, akanikaribisha soseji. Nikamshukuru kwa ishara, nikagusa kifua. Akadhani ninaumwa kifua, akaniongeza nyingine. Nilipokataa na ile, alinifunika magoti kwa shali lake na kunitazama kwa huruma mpaka nikashuka. Mpaka sasa nadhani ananiombea.

Toni alinipokea stesheni na gari lake dogo. Tulipokaribia kijijini barabara ilijaa watu, bendi inapiga, wanaume wamevaa kaptula za ngozi na kofia zenye unyoya, na katikati yao wanapita ng'ombe waliovishwa mataji ya maua na vioo, na shingoni kengele kubwa kama masufuria ya pilau. Nikajua nimefika siku ya harusi, na hao ndio mahari. Nilishuka, nikamwendea mzee aliyekuwa akimwongoza ng'ombe wa mbele, aliyepambwa kuliko wote, nikamshika mkono na kumpa mabruk kwa kirefu. Mzee alifurahi mno, akanikumbatia.

"Bibi harusi yuko wapi?" nilimuuliza Toni.

"Bibi harusi gani?"

Kumbe kila mwaka ng'ombe hupelekwa juu milimani kula majani msimu wa joto, na siku ya kushuka, ikiwa hakuna aliyekufa, wanapambwa. Mzee yule ndiye mjomba wake, Alois, fundi wa kodiani, na ng'ombe yule wake. Akaniambia kupitia kwa Toni kwamba mimi ni mgeni wa kwanza kumpongeza ng'ombe wake kama anavyostahiki.

Sasa nakuja kwenye suali lako, Ami Khalfan. Mama yake Toni ni mwanamke mkarimu sana, na kila alichokipika kina nguruwe ndani. Kulikuwa na madonge ya mkate yaliyochemshwa kwenye mchuzi, mazuri kwa kuyatazama, na ndani yake vipande vidogo vidogo. Nikamweleza. Akaenda jikoni, akarudi na mengine.

"Haya hayana nguruwe?" nilimuuliza Toni.

Toni akamuuliza mama. "Anasema yanaye, lakini kidogo sana."

Basi nikaishi kwa mayai, maziwa na chapati moja nene ya mayai ambayo wanaichanachana vipande na kuimwagia sukari. Niliila asubuhi, mchana na jioni, na mama yake Toni akawa anawaambia majirani kwamba Waarabu ni watu wa kula vitamu tu.

Jioni ya pili kulikuwa na ngoma. Vijana walijipiga mapaja, magoti na nyayo za viatu kwa mikono, haraka, kwa mpango, mpaka ukadhani wamevamiwa na siafu. Kisha wakatoka wanaume na wanawake wawili wawili, wakizunguka polepole, mwanamke akipita chini ya mkono wa mwanamume kama anayeingia mlango mfupi. Msichana mmoja alitoa ala, akailaza mezani, nyuzi tele, akaidonoa kwa vidole.

"Ganuni!" nikasema.

"Hapana," akasema mama yake Toni. "Hii ni yetu, tokea asili. Kwengine huipati."

Mjomba Alois alifanya kazi siku kadhaa, mlango amefunga. Siku aliyotuita alikuwa amevaa koti la kanisani. Kodiani ilikuwa inang'ara. Nta mpya, ngozi mpya, kila kijulimi mahali pake. Nilivuta mvukuto, ukapumua kama mtoto aliyelala. Machozi yalinilengalenga. Nikaanza wimbo wa baba.

Nilipofika kwenye sauti ya kwanza ya katikati, haikuwepo. Badala yake ilitoka sauti safi, iliyonyooka kama rula. Nikafika kwenye ya pili: hali kadhalika. Wimbo wa baba ulikuwa kama pilau la hospitali, mchele upo, nyama ipo, na hujui kwa nini unataka kulia.

Mjomba Alois alikuwa akitabasamu. Akasema maneno mengi.

"Anasema," Toni akafasiri, "kulikuwa na ndimi mbili zilizokwanguliwa na mtu asiyejua kazi. Amezirudisha sawa. Kwa hizo hataki malipo. Ni zawadi."

Nilishukuru. Mngefanya nini nyinyi? Mzee amesimama na koti la kanisani. Lakini tulipotoka nje Toni akaniuliza mbona nimenuna, nikamwambia yote: baba, fundi wa Unguja, wimbo, Zuwena. Toni alisimama njiani kama aliyegongwa. Akarudi ndani. Nikasikia sauti ya mjomba ikipanda, na hakuna kodiani duniani ingeifikia.

"Anasema hajaharibu kodiani hata moja tangu azaliwe, na haanzi leo," Toni akasema alipotoka. "Anasema kama tunamtaka mtu wa kuharibu, twende upande wa pili wa mlima. Wa huko ndiyo kazi yao."

Kuvuka mlima, upande wa Italia

Toni aliona haya kwa niaba ya ukoo mzima, akasema atanipeleka mwenyewe. Akatia kodiani yake ndogo nyuma ya gari, ya baba nikaipakata mimi, tukapanda mlima.

Mpakani ndipo palipozuka kisa cha kupigwa. Askari wa Kitaliano waliiona sura yangu na sanduku kubwa jeusi mapajani, wakanishusha. Huko nako kulikuwa na fujo zao za mipaka, kila sanduku linatiliwa shaka. Mmoja akaniamuru nifungue, na nilipofungua akaniamuru nipige, ili ajue kama ni kodiani kweli. Nikapiga palepale barabarani, malori yamesimama nyuma yetu yanapiga honi. Askari alisikiliza kwa makini, kisha akamwambia Toni kwamba imepatanishwa vizuri sana, fundi wake ni nani? Hilo ndilo pigo pekee nililopigwa.

Tuliteremkia mji mdogo wa mashamba ya zabibu na matufaha. Ingawa ni Italia, watu wake wengi wanasema Kijerumani kama cha kina Toni. Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia alikuwa mama wa makamo anayeitwa Marta, na kaka yake, Luis, ndiye aliyekuwa akitengeneza ala. Siku ile ilikuwa ya mavuno na ukumbi umejaa. Nikakaribishwa madonge ya mkate, yale yale. "Haya ni ya kwetu," akasema Marta, "ng'ambo ya mlima hawajui kuyapika." Nikauliza kuhusu nguruwe. Alikuwamo, kidogo sana.

Kisha wakainuka vijana wakajipiga mapaja, magoti na nyayo. Wakafuata wanaume na wanawake wakizunguka, mwanamke akipita chini ya mkono. Nikasema kwa furaha, kwa Kiingereza, na Toni, masikini, akafasiri kabla hajafikiri:

"Ngoma hii nimeiona juzi kwao Toni! Ni hiyo hiyo!"

Mzee mmoja aliweka chini gilasi yake. Wakaanza kunieleza, watu wengi kwa pamoja, kwamba kule ng'ambo mguu unaoanza ni mwengine; kwamba kule wanaruka, hapa wanazunguka; kwamba kule wameichukua kutoka hapa. Toni akasema mambo ni kinyume. Kikaanza kishindo cha maneno hata nikadhani nimevunja ndoa ya mtu. Ili kuwapoza, Marta alinivuta nicheze naye nione tofauti. Mimi kumshika kiuno mke wa watu mbele ya kadamnasi! Nikasema mguu unaniuma. "Upi?" Nikasema wote. Akaniletea beseni la maji moto na chumvi, na usiku ule wote niliuona ukumbi nikiwa nimetumbukiza miguu.

Asubuhi Luis aliifungua kodiani, akaangaza ndani kwa taa, akapiga mluzi.

"Kazi safi hii. Nani kaifanya?"

"Mjomba wangu," akasema Toni.

"Atakuwa kajifunza kwetu."

Tukamweleza tunachotaka. Luis aliifunga kodiani taratibu, kama anayemfunika maiti. Alisema mtu akiingia dukani kwake na ala nzima hawezi kutoka na mbovu, jina lake litakwenda wapi? Kisha akafikiri. "Jaribuni Waswisi," akasema. "Wale tokea hapo hawajui kuimba sauti iliyonyooka."

Kwa daktari wa meno

Siku zangu zilikuwa zinakwisha. Nikihesabu ndege, Beiruti na "bukra" zake, ilikuwa ama nifike Uswisi, ama nirudi kumwambia Zuwena kwamba nimeitoa kodiani Sidab mbovu na kuirudisha mbovu zaidi, ila inang'ara. Njiani Toni akasema, "Yakhe Seif, mjomba wangu ni mtu mwema." Nikasema najua. Na kweli nilikuwa najua. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma.

Mpakani tuliambiwa kwamba katika bonde lile anayeshughulika na ala za zamani ni mmoja tu, Daktari Flurin, na kwamba ni daktari wa meno. Tulimkuta kazini. Kwenye chumba cha kungojea alikaa mama mmoja peke yake, shavu limevimba, kalifunga kitambaa, na ukutani umeegemezwa mti mrefu uliochongwa ukawa bomba, mwisho wake umepinda kama kiko. Ulikuwa mrefu hata dari ilibidi itobolewe kuupisha. Mimi nikaiona siwa, lile baragumu la pwani kwetu, ila siwa ya majitu.

Daktari alikuwa mtu mfupi mchangamfu, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Nilimweleza kisa changu nikiwa nimechoka, bila matumaini, kama mtu anayerudia kuomba alichokwisha kunyimwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akalishika lile bomba, akasema, "Njoo nje."

Nje akalilaza chini, akapuliza. Sauti ilitoka nzito, ikaenda mpaka mlima wa mbele, ikarudi. Akapanda sauti moja moja, kama anayepanda ngazi, na huko juu sauti moja ikakaa pale pasipo na kidato. Haikuwa ya chini yake wala ya juu yake. Nywele zilinisimama.

"Hiyo!" nilipiga kelele kwa Kiswahili. "Hiyo hiyo! Usiiache!"

Daktari aliweka bomba chini, anacheka. "Hiyo ndiyo sauti ambayo mwalimu wa bendi na kasisi wetu wanatuambia kila siku ni kosa. Mti haujui kosa, unatoa ulicho nacho. Babu zetu waliimba hivyo, na wachache bado tunaimba. Kodiani zilipokuja ndizo zilizotufundisha kunyooka." Akamtazama Toni. "Hata kwenu iko, juu kwa wachunga ng'ombe."

Toni akasema kwamba kwao ndiko ilikoanzia. Tukajua amepona.

Kodiani ililazwa kwenye kiti cha kung'olea meno, taa imeinamishwa juu yake. Yule mama wa shavu aliambiwa angojee, akasema hangojei nje, akaingia kutazama. Daktari alikwangua kijulimi cha kwanza kwa kichuma chake chembamba, karibu na shina, ambako ukikwangua sauti hushuka. Anakwangua, mimi napiga, tunasikiliza. Anakwangua tena. Mama alitoa kitambaa shavuni, akaonyesha kwa kidole: chini kidogo. Hakukosea. Kikafika.

Cha pili kilikatika.

Kilifanya *tik*, basi. Mjomba Alois alikuwa ameshakikwangua, na yule wa Unguja kabla yake. Chuma kilikuwa chembamba mno. Daktari alibaki na kipande kwenye kibanio chake, uso umemshuka, akasema vijulimi vya akiba hana, vinaagizwa mbali, na huchukua wiki. Mimi nilikaa kwenye kigoda chake. Nilimwona baba akienda kwa fundi, kodiani mpya mkononi. Nilimwona Zuwena. Hakukuwa na wa kumlaumu, na mtu akikosa wa kumlaumu anachoka sana.

Toni akatoka nje. Nikadhani hataki kuniona nikilia. Akarudi na kodiani yake ndogo, akaiweka kwenye kiti, juu ya ile ya baba.

"Vijulimi vyake ni vya namna moja na vya hii," akasema. "Chukueni kinachofaa."

"Yako itabaki na pengo, Toni."

"Nitauruka wimbo mmoja." Halafu akasema haraka, "Lakini mjomba asijue."

Daktari alitafuta, akapata kilicho karibu, akakitoa na kukishikiza kwa nta mahali pa kilichokatika. Alikikwangua polepole, pumzi ameizuia, na sote tumeizuia. Nilipiga wimbo wa baba ukiwa mzima, humo humo chumbani, harufu ya dawa ya meno imenijaa puani. Mama wa shavu alisikiliza amefumba macho. Ulipokwisha alisema kitu kwa lugha yao, na daktari akafasiri kwamba anauliza wimbo huu ni wa bonde gani, maana anaona kama anaujua.

Ndipo akakumbuka jino lake.

Kurudi

Tuliagana na Toni Zuriki. Alinishika mkono, akautikisa. Alinipa mfuko wa matufaha aliopewa na Marta, na jibini ya daktari, ambayo Beiruti mwenye hoteli aliniomba niiweke nje ya dirisha. Ndege ilichelewa tena. Mara hii sikulalamika. Nilikaa barazani kwa hoteli nikipiga, na mwenye hoteli akaleta wageni wake kunisikiliza, akawaambia huyu ni ndugu yetu, Mwarabu wa Maskati.

Nilifika Sidab siku yenyewe ya harusi, alasiri, wapishi wameshapakua. Mama alinitazama mimi, akaitazama kodiani, akauliza imepona? Nikasema imepona. Sikusimulia mengine. Nilioga, nikavaa kanzu, nikatoka uani ambako vijana walikuwa wakinisubiri na ngoma na udi. Wanawake wako ndani, pazia limeshushwa.

Nikaanza. Sauti ya kwanza ikaja, laini, pale pale pake. Ya pili, ile ya Toni, ikaja na sauti kavu kidogo, kama mgeni anayesema lugha yetu vizuri. Ndani vikapasuka vigelegele. Nikamsikia mama akiimba maneno ya baba.

Pazia likafunguliwa kwa nguvu. Akatoka Bibi Moza, na mkongojo wake.

"Nani amekufundisheni huu?" aliuliza kwa Kiarabu. "Huu wimbo wetu! Mama yangu akitupembezea!"

Mama naye akatoka, dhahabu zote mwilini. "Bibi, huu ametunga marehemu mume wangu, Unguja, siku amezaliwa huyu bibi harusi!"

"Basi aliusikia kwa watu wa Sidab."

"Hajapata kufika Sidab maisha yake!"

"Babu yake je?"

Babu yake baba alitoka pwani hizi, kila mtu anajua, wala hakuna anayejua alitoka akiimba nini. Wanawake wakajazana mlangoni, hawa wanamuunga mkono huyu, wale yule, na bwana harusi kwao anangoja. Mimi niliacha kupiga. Niliona harusi yote itakwama hapo hapo.

Ndipo ikaja sauti ya Zuwena kutoka ndani, chini ya shela, bibi harusi ambaye hapaswi kusema neno.

"Kaka! Mbona umenyamaza? Piga! Na wao waimbe wote wawili, kila mtu maneno yake!"

Nikapiga. Bibi Moza alianza yake kwa Kiarabu, polepole, akipigapiga mkongojo chini. Mama alianza yake kwa Kiswahili, juu zaidi ili asifunikwe. Maneno hayakukutana hata mahali pamoja. Mmoja alikuwa akimlaza mtoto, mwengine akimsifu binti, na wimbo uliwabeba wote wawili, na kila walipofika kwenye zile sauti mbili walizikalia pamoja, hakuna aliyenyooka. Zuwena akatoka katikati yao, huku ameshikwa mkono na mama, huku na Bibi Moza, chini ya shela mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Tukaingia kichochoroni, mimi mbele, navuta mvukuto, vikongwe wawili nyuma yangu wanashindana kwa nguvu zao zote, na sikuacha kupiga mpaka mlango wa bwana harusi ulipofungwa.